Waliouita Mji Ule Kizimataa

Ndugu yangu Swafwan alikuwa akisema kwamba watu wa Kizimataa waliishiwa na tokeni za stima. Kwake yeye, hiyo ndiyo asili ya jina la mji. "Waliamka siku moja, giza tupu," angesema, "kila mtu anamuuliza mwenziwe, wewe hukununua? Mimi nilidhani umenunua wewe! Basi wakaona haya, wakahama." Watu barazani walicheka hadi kahawa ikawapalia. Mama hakucheka. Alimtazama kama unavyomtazama mtoto aliyeshika kisu, akasema taratibu kwa lahaja yetu, ambayo mji ni mui, "Mui haufanyiwi mzaha, mwanangu."

Kizimataa ni magofu tu. Kutoka kwetu Pate unakwenda kwa pikipiki kupita mashamba ya minazi hadi njia inapokwisha, kisha unatembea ndani ya kichaka cha miiba. Kuna kuta za matumbawe zilizoanguka, msikiti usio na paa, makaburi machache, na kisima ambacho siku hizo kilikuwa kimefunikwa kwa bamba la jiwe. Waliokaa pale waliondoka kabla ya babu za babu zetu, wakatuachia jina. Jina lenyewe halina fumbo, ni mahali panapozima taa. Watu wakibishana, wanabishana ni taa gani, na nani alizizima.

Ami Abdulghafur, ndugu yake marehemu baba, alishikilia kwamba ilikuwa hila ya vita. Adui alikuja na majahazi, mfalme akaamuru kila taa izimwe ili mji usionekane. Watu wakaishi gizani hata wakazoea, wakatoka mmoja mmoja kwa njia ya mikoko, na adui aliposhuka alikuta nyumba tupu. "Mui ule haukushindwa," Ami alikuwa akisema, akigonga bakora sakafuni. "Uliwatoroka."

Masimulizi ya Mama hayakuwa na mfalme wala hila. Alisema kulikuwa na harusi, na mji mzima umewashwa taa. Watu wa pale walikuwa wamevunja ahadi waliyowekeana na wenyewe wa chini. Hao wa chini hakuwataja zaidi ya hapo. Bibi harusi alipotolewa nje, taa zote zikazimika kwa pamoja, na zilipowashwa tena bibi harusi hakuwapo.

"Wakamtafuta kila mahali," Mama angemalizia, "ila kisimani. Kisimani waliogopa kutazama."

Nilipokuwa mdogo maneno hayo ya mwisho yalinifanya nijifunike shuka mpaka kichwani bila kujali joto. Hata nilipokuwa mke wa mtu niliendelea kuogopa. Nikiwa nimebeba moto wowote, hata kijiti cha kibiriti, jina la mji ule sikulitamka.

Kisha mvua ikakata. Visima vyetu vya mjini vikageuka chumvi hata chai haikunyweka, na kamati ya maji ikakumbuka kwamba wazee walikuwa wakisikia maji ya Kizimataa yalikuwa matamu. Swafwan alikuwa fundi wa mawe, mtu wa kupanda na kushuka. Akasema atashuka yeye akisafishe kisima, na mume wangu Amjad, rafiki yake tangu chuoni walipokuwa wakisoma Kurani kwa sauti moja, akasema atashika kamba.

Habari ilifika Faza, mji mwingine wa kisiwa chetu, kwa Mwalimu Hesbon. Ni mtu wa bara, aliyenifundisha historia katika sekondari, na ana mapenzi na majina ya miji ya kale kama wengine walivyo na mapenzi na mpira. Alikuja siku moja kabla ya kazi akaketi barazani kwetu baada ya Alasiri, simu yake mkononi inarekodi.

"Sasa, Bwana Abdulghafur," alisema, "tukiweka kibao pale, asili ya jina tuandike ipi? Ya vita au ya harusi?"

"Andika ya kweli," Ami alimjibu.

"Ya tokeni!" Swafwan akadakia.

Mwalimu alicheka, halafu akasema maneno ambayo nimeyarudia moyoni mara nyingi tangu hapo. "Mimi nionavyo, jina la mahali huanza na jambo dogo. Mtu amepita, ameona kitu, amewaambia wenzake. Hadithi kubwa huja baadaye, watu wakishalisahau lile dogo."

"Dogo kama nini?" Mama aliuliza kutoka nyuma ya pazia la mlango.

"Hilo silijui, Bi Huwaida. Wanaolijua wamekwisha kufa."

Mama aliweka sharti lake, kwamba kabla ya kazi kuanza ubani ufukizwe makaburini na kandili iwashwe pale, kuwasalimu waliolala. Ami naye aliweka la kwake. "Na taa itangulie," alisema. Hiyo ilikuwa ada ya watu wa visima hapa kwetu. Kisima kilichofungwa muda mrefu hakiingiwi na mtu kabla ya taa kuteremshwa kwa kamba hadi chini. Ikirudi inawaka, wenyewe wameruhusu. Ikirudi imezimika, chukua vyombo vyako urudi nyumbani. Ami alisikia hivyo kwa baba yake, naye kwa baba yake, na hakuna katika hao aliyeuliza kwa nini.

Swafwan alimbusu Ami mkono. "Itatangulia, Ami. Wallahi itatangulia."

Asubuhi yake nilikwenda na Swafwan, Amjad, Ami na Mwalimu, nimebeba mikate na samaki wa kukaanga kwenye kikapu, na kandili ambayo Mama aliitia mafuta kwa mkono wake. Bamba la jiwe walikuwa wameliondoa jana yake. Nilipofika karibu na kisima nilihisi ubaridi miguuni, kama ule unaotoka kwenye nyumba iliyofungwa miaka mingi. Mizizi ilikuwa imeshuka ukutani ikapotea gizani. Nilitazama ndani mara moja nikarudi nyuma.

"Umu anamtafuta bibi harusi," Swafwan alisema, akinitania. "Nikimkuta nimwambie nini?"

"Mwambie tunaomba radhi kwa kuchelewa," Amjad akajibu, nao wakacheka, na mimi nikacheka.

Nilikwenda makaburini nikafukiza ubani na kuiwasha kandili. Niliitamka bismillahi, jina la mji sikulitamka. Nilipogeuka, Swafwan alikuwa amevua tochi yake ya kichwani. Aliinunua alipokuwa akifanya kazi upande wa Kililana, na alijivunia mwanga wake mkali kama taa ya pikipiki. Alikuwa akimwonyesha Ami.

"Ami, hii ni taa au si taa?"

Ami aliishika akaigeuza geuza. Mwanga ukampiga usoni akafumba macho. "Ni taa," alisema.

"Basi itangulie."

Ami mwenyewe ndiye aliyeifunga kwenye kamba, akasoma alichosoma, akaiteremsha. Sote tuliinama kuitazama. Ilishuka ikimulika mawe moja baada ya jingine, hata ikafika chini, na kule chini tukaona matope meusi na maji kidogo yanang'aa. Ikakaa pale. Ikavutwa. Ikarudi inawaka kama ilivyokwenda.

"Alhamdulillahi," Ami alisema, na uso wake ukalegea. "Wameruhusu."

"Kizimataa hakikuzima," Swafwan alisema. "Mwalimu, badilisha jina."

Hata mimi moyo wangu ulitulia. Nilijiambia kwamba mambo ya Mama yalikuwa ya kututisha watoto tusiende mbali. Swafwan alivaa tochi yake kichwani, akafunga kamba kiunoni, akaanza kushuka akikanyaga vishimo vilivyochongwa ukutani na watu wa kale.

Alizungumza njia yote. Alisema mawe ni mazuri, kazi ya mafundi waliojua kazi. Alisema kuna baridi. Alipofika chini alisimama, akatutazama, na mwanga ukatupiga machoni.

"Kamba inanisumbua," alisema. "Naifungua nipate kuinama."

"Usiifungue," Amjad alisema.

"Nitaifunga tena, we! Teremsha ndoo."

Ndoo ikashuka. Tulimsikia akipumua kama mtu aliyepanda ngazi ndefu. "Ajabu," alisema, "kichwa kinaniuma." Kisha akacheka kidogo, cheko lisilo na nguvu, akainama kwenye ndoo. Hakuinuka.

"Swafwan," Amjad aliita. "Swafwan, acha mchezo."

Tulidhani ni mzaha wake. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba kwa muda tulisimama pale tukingoja acheke. Tochi ilikuwa inawaka. Ilimulika ukuta wa kisima, na ndani ya mwanga huo nikauona mkono wake, vidole vimeingia matopeni, havisogei. Kama tochi ingezimika pengine hofu isingekuwa kubwa vile. Ilikuwa ikiwaka kwa uzuri kabisa, inatuonyesha kila kitu.

Amjad alikuwa ameshavua shati. "Kamba," alisema. "Nipeni kamba, nashuka."

"Ngoja," Ami alisema.

"Nangoja nini? Amezirai! Kichwa kikiingia majini je?"

Alikaa kwenye ukingo, mguu mmoja ndani. Mimi nilikuwa nimekimbilia kandili makaburini. Sikuwa na fikra yoyote, nilitaka mwanga zaidi tu, nimwone ndugu yangu uso. Niliifunga kwenye kamba nyingine nyembamba nikaiteremsha kando ya mguu wa Amjad. Ilipita mizizi. Ilipita vishimo vya kwanza. Halafu moto ukaanza kusinyaa, ukawa mwembamba kama uzi. Ukazimika.

"Upepo," Amjad alisema.

Niliivuta nikaiwasha tena, kwa haraka hata vijiti viwili vya kibiriti vikavunjika. Nikaiteremsha. Ilipofika kwenye jiwe lile lile, jeupe, lenye ufa, ikazimika tena. Hakukuwa na upepo. Ami alichuma jani akaliachia, likashuka wima kisimani bila kuyumba.

Niliwaona watu wa zamani, wamesimama nilipokuwa nimesimama, wameshika kamba kama niliyoishika, wanatazama moto wao ukifa kwenye jiwe lile lile. Na mbele yangu nikaona dawati la kidato cha pili, mshumaa unawaka, mwalimu wa sayansi anaufunika kwa chupa ya kioo, na sisi wasichana tunahesabu kwa kelele hadi unazimika. Moto unakula hewa tunayokula sisi. Tochi haili kitu.

"Hakuna hewa," nilisema. "Amjad, toka. Chini hakuna hewa. Ukifika pale penye jiwe jeupe na wewe utazimika."

"Swafwan yuko chini!" alinipigia kelele. "Ndugu yako, Umulkheir! Unaniambia nimwache?"

Alianza kujiteremsha. Kifua chake kilikuwa kimeshapita ukingo. Nilijua maneno ya mshumaa na chupa hayatamzuia, na peke yangu sina nguvu za kumvuta. Nikamgeukia Ami.

"Ami, taa imezimika! Mara mbili! Wamekataa!"

Ami Abdulghafur, ambaye hatembei bila bakora, aliitupa bakora. Alimshika Amjad kwapani kutoka nyuma, akijiangusha chini kwa uzito wake wote, akisoma Ayatul Kursi kwa sauti iliyopasuka. Mimi nikamshika mkono, Mwalimu Hesbon akamshika mwingine. Tulimvuta, naye akitupiga teke, akinitukana, mume wangu ambaye hajawahi kunitukana. Alisema nimemuua ndugu yangu. Tulimvuta tu, mpaka akalala kwenye mchanga akilia, na mimi nikamkalia miguu ili asiinuke.

Kule chini tochi ilikuwa bado inawaka.

Mwalimu alikimbilia mahali penye mtandao apige simu mjini. Ami alituambia tukate makuti. Alikumbuka kuwaona watu wakifanya hivyo alipokuwa kijana, ila walimwambia wanawapepea wenyewe wa chini ili waondoke. Tuliyafunga makuti kuwa kitita kikubwa tukayateremsha kwa kamba na kuyapandisha, chini juu, chini juu, kama mtu anayetwanga. Harufu nzito ilikuwa ikipanda, ya majani yaliyooza. Kila baada ya muda niliteremsha kandili. Ilizimika kwenye jiwe jeupe. Tukatwanga tena. Ikazimika chini kidogo ya jiwe. Viganja vya Amjad vilikuwa vinatoka damu na hakuacha. Nilikuwa nikimwita Swafwan kila makuti yalipopanda, jina lake tu, bila kitu kingine, na kisima kilikuwa kinanirudishia sauti yangu. Pikipiki zilikuja na watu na kamba zaidi, wakatupokea kazi.

Kandili ilipofika chini kabisa ikaendelea kuwaka kando ya mkono wa Swafwan, Amjad alifungwa kamba mbili. Alishuka kandili ikimtangulia kwa kamba, mwali uko chini ya miguu, macho yake hayauachi. Sikumtazama Swafwan tena. Nilitazama moto ule. Nilihisi kwamba nikipepesa utazimika, na nitabaki na wawili mle ndani.

Walivutwa wote wawili. Mmoja wao alikuwa anapumua.

Tulimzika Swafwan jioni hiyo, kabla ya Magharibi. Waliomwosha walisema hakuwa na jeraha lolote, isipokuwa matope kwenye vidole.

Mama aliniuliza swali moja tu. Aliniuliza nilipokuwa nimelaza kichwa kwenye mapaja yake, wanawake wamejaa chumbani wanasoma Yasini.

"Ilizimika?"

"Kandili ndiyo, Mama. Tochi haikuzimika."

"Naye alikwenda na ipi?"

"Tochi."

Mkono wake uliendelea kunipapasa kichwa.

Amjad aliileta tochi ile nyumbani kwa sababu hakuna aliyejua wapi pengine pa kuipeleka. Ilikuwa imekauka matope na bado inawaka. Nilinyosha mkono niizime, Mama akanizuia. Aliichukua akaiweka kwenye kidaka cha ukutani, juu ya kitanda alicholalia Swafwan alipokuwa mdogo, ikawa inamulika dari mchana na usiku. Watu wa taziya waliingia, wakaitazama, wakaketi kusoma. Mimi nilikuwa naiogopa kama unavyoogopa jicho. Nikipita kwenda jikoni nilijibanza upande wa pili wa chumba.

Mwalimu Hesbon alikuja na wenzake kutoka Faza. Alikaa ukumbini na wanaume, hana simu mkononi, na sauti yake ilipomfikia Mama, Mama akajiinua akaenda nyuma ya pazia la mlango, pale pale alipokuwa amesimama siku ile.

"Mwalimu."

"Naam, Bi Huwaida. Poleni sana, mama yangu."

"Lile jambo dogo," Mama alisema. "Ulilosema wanaolijua wamekufa."

Alilishika pazia kwa mikono miwili.

"Mwanangu amekwenda akatuletea."

Nilimsikia Ami akilia, mzee ambaye mkono wake ndio ulioifunga tochi kwenye kamba, na Amjad akimwambia, "Ami, Ami, basi." Bado Ami akiulizwa habari za Kizimataa anasimulia ya mfalme na majahazi. Sasa akifika kwenye taa anasita, anauliza kama kuna mtu anataka kahawa.

Bamba la jiwe limerudishwa mahali pake. Amjad alilipaka maneno kwa rangi nyeupe, KIZIMATAA, na chini yake, TANGULIZA MOTO. Sikumuuliza kwa nini hakuandika zaidi. Usiku hushtuka akashika kifua changu ajue kama napumua, na mimi huwa niko macho nafanya hivyo hivyo kwake.

Tochi ilianza kufifia kabla ya matanga kuanuliwa. Mwanga wake ukawa wa manjano, ukarudi nyuma kutoka darini, ukabaki ndani ya kidaka tu. Mama hakulala siku hiyo. Tulikaa kitandani bega kwa bega, sisi wawili, tunaitazama, na nilikuwa nikitamani ifike mwisho na nikiogopa ifike. Ilipozimika, Mama alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu hadi nikaumia. Tulikaa gizani, kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenziwe.